Kanti, Nilikuta Mlima Wako Umefungwa

Kanti,

Sikuandikii ili upumzike kwa amani. Wanaokutakia amani ni wengi, na nusu yao walikuwa jikoni siku ile, wamekaza macho kwenye masufuria yao kana kwamba hawasikii. Mimi nimekuja kugombana. Nilikuja kugombana nawe karibu kila siku kwa miaka sita, wewe umekaa kitandani na sahani yako ya dengu, ukiwahi kumaliza kabla jua halijazama kama dini yenu ya Kijaini inavyotaka, mimi nimesimama mlangoni nikipinga jambo. Leo huwezi kuninyamazisha kwa kusema, "Mwalimu, kula kwanza."

Habari za huku Jeddah ni hizi. Kitanda chako amepewa Mganda mmoja, fundi wa viyoyozi, mtu mpole anayekoroma. Njiwa bado wako juu ya paa. Kiwandani msumeno wako wa marumaru umeshikwa na kijana anayefanya kazi haraka kuliko wewe, na mudiri, msimamizi wetu, anamsifu. Hapulizi jiwe kabla ya kuwasha. Wewe ulikuwa ukiinama juu ya kila ubao, unapuliza, unapangusa kwa kitambaa, mpaka sisimizi wa mwisho ashuke, na mudiri anapiga kelele, "Yalla, Kanti, yalla!" Nawe unamjibu bila kuinua kichwa, "Dakika moja, mudiri, kuna abiria." Nilikuwa nikisubiri kupakia lori la Riyadh, na nilikuwa nikikasirika. Sasa lori linapakiwa kwa wakati. Sijui la kufanya na dakika hizo.

Picha ya mlima niliibandua siku ile ile waliyokuja kuchukua godoro. Ninayo. Ile ya kalenda, mlima wa Palitana kule Gujarati, ngazi zikipanda kama mshono mweupe mgongoni, na juu kabisa mahekalu yamebanana, mamia, minara juu ya minara, mji mzima ambao hakuna mtu anayelala ndani yake. Hilo ndilo jambo la kwanza ulilonieleza, kwamba waumini wote hushuka kabla giza halijaingia. Hakuna anayekula kule juu. Hakuna anayepanda na ngozi ya mnyama mwilini, iwe kiatu au mshipi. Baba yako alikupandisha ukiwa na miaka saba, safari moja tu kutoka Thika, na ulipochoka akakutia kwenye machela, wanaume wawili wakakubeba. Uliniambia aibu ya machela ile ilikukaa miaka arobaini.

Nami, badala ya kusikiliza, nikakurukia. Nikasema dini yoyote inayowapandisha matajiri mabegani mwa maskini ni biashara ya mabega. Ukasema, "Ndiyo maana nataka kupanda kwa miguu yangu." Nikasema mahekalu hayo yalibomolewa na majeshi zamani, na kama babu zenu wangekuwa wanaume wangepigana. Ukasema, "Walijenga tena, Mwalimu." Nikakuuliza hilo ni jibu gani. Ukamega mkate wako ukachovya kwenye dengu.

Kila siku baada ya kazi ulikuwa ukifanya mazoezi ya mlima huo kwenye ngazi za jengo letu la Bani Malik. Ghorofa nne, juu na chini, juu na chini, mara ishirini, na viatu vyako vya turubai ulivyovinunua Al-Baghdadiyah kwa sababu havikuwa na ngozi. Watu walikuwa wakikupisha. Wanawake wa Kikenya waliokuwa wakija siku ya mapumziko kumtembelea dada yao ghorofa ya pili walikuita Baba Ngazi. "Baba Ngazi, umefika wapi leo?" Nawe unahema: "Leo nimefika robo." Ulijua kipande kilichovunjika ghorofa ya tatu, ulijua panapoteleza, ulijua pa kushika. Hakuna mtu aliyezijua ngazi zile kama wewe. Likumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia.

Sasa tuje kwa Zakayo.

Nitamweleza kama alivyokuwa, kwa sababu miezi mingi nimemweleza vibaya kichwani mwangu. Mkenya mwenzetu, harisi, yaani mlinzi wa jengo, mwenye funguo za paa na za tangi la maji. Mtu mkubwa wa mwili, anayeona haya kusoma mbele za watu. Mwenye jengo alimwambia aondoe njiwa wanaochafua tangi, akamwaga mtama wenye sumu. Wewe ukawa unapanda alfajiri na ufagio mdogo, unaufagia mtama wote, unaacha mchele safi kwenye kona ya mbali. Alipokukamata hukumsema. Ulimwambia, "Bwana Zakayo, nipe wiki mbili, nitawahamisha polepole." Akaguna. Kuguna kwa Zakayo kulikuwa ni kukubali. Jambo lilikuwa limekwisha, Kanti. Lilikuwa limekwisha, na njiwa walikuwa wameanza kuhama.

Ndipo nikaandika.

Unajua nilivyo. Nilifukuzwa ualimu kwa ajili ya kalamu. Nimewaandikia maofisa wa elimu, wachungaji, wahariri, na kila mmoja alipoumia nilijua kazi imekwenda sawa. Nikabandika karatasi kwenye friji ya jikoni: "TANGAZO. Jemadari Zakayo, ambaye hajawahi kumshinda mwanamume hata mmoja, sasa ametangaza vita dhidi ya njiwa. Sumu anaiandaa mwenyewe, kwa kuwa kusoma maelezo ya pakiti kumemshinda." Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Mtu akaipiga picha. Kufikia Ijumaa ilikuwa imezunguka kwenye simu za Wakenya wa Jeddah na imefika Riyadh.

Wewe hukucheka. Uliisoma umeshika sahani, ukasema, "Mwalimu, itoe hiyo. Inapiga mtu."

Nikasema karatasi haipigi mtu.

Ukanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine kuvuka barabara, kwamba kwenu kuumiza kuna njia tatu, kwa fikra, kwa neno na kwa mwili, na kwamba mtu anaweza kuua kwa mojawapo. Nikakucheka. Nilisema hiyo ni falsafa ya watu ambao hawajawahi kukanyagwa. Nilisema katika maisha yangu yote sijawahi kumpiga mtu hata kofi, na nilijivunia hilo, nikiwa nimesimama mbele ya karatasi ile.

Haikutoka kwenye friji. Wiki mbili, wiki tatu. Zakayo akiingia jikoni, mtu mmoja pembeni anatoa sauti ya njiwa. Akipita kwenye ngazi, sauti ya njiwa. Alipokwenda kwenye ibada ya Wakristo ya Ijumaa nyumbani kwa Wakenya fulani, mwanamume mzima alimtolea sauti ya njiwa katikati ya sala. Haya yote niliyajua. Nilihadithiwa, nikafurahi.

Alikuja Alhamisi, jua likiwa bado juu ya majengo. Ulikuwa umetoka kwenye ngazi zako, jasho bado linakutiririka, kijiko mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni nakwambia jambo ambalo silikumbuki tena, na hilo linaniuma, kwamba sikumbuki. Nilimsikia kabla ya kumwona. "Leo utalia wewe, Mwalimu. Lia kama njiwa nikusikie." Alikuwa na bomba la chuma la maji. Niligeuka, nikarudi nyuma, naam, nilirudi nyuma, mimi mpiganaji wa magazetini, na wewe ukapita kando yangu ukatoka kwenye korido ukasimama mbele yake na kijiko. Ulisema, "Bwana Zakayo." Maneno hayo mawili tu.

Bomba lilikuwa limekwisha kuinuka. Lilikupata juu ya sikio. Sauti yake haikuwa kubwa. Ulikwenda upande, ukagonga ukuta, ukaanguka kwenye kichwa cha ngazi, na damu ikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikasimama pale kwenye kipande kilichovunjika. Zakayo alitazama bomba kana kwamba kuna mtu mwingine aliyempa alishike. Akaliacha, akakimbilia juu, kwenye njiwa, si chini. Mimi nilikaa na kichwa chako mapajani na nikapiga kelele za kila aina, lakini hakuna hata moja iliyokuwa neno.

Hospitali ulidumu siku mbili. Siku ya kwanza ulikataa chakula kwa sababu muuguzi alikileta baada ya Magharibi. Siku ya pili ulinishika kidole, si mkono, kidole, ukasema: "Andika nimeanguka."

Nikasema hapana.

"Watamkata, Mwalimu. Sitaki shingo ya mtu iende na mimi. Usimpeleke polisi, na usimguse. Niahidi." Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu sokoni: "Na mlimani uende wewe. Kwa miguu."

Niliahidi. Ndiyo mara ya pekee niliyokubali jambo lako bila kulipinga, na ndiyo mara niliyopaswa kupinga mpaka kuta zianguke. Ofisa alikuja na karatasi, na mimi, ambaye nilipoteza kazi, mke na nchi kwa sababu sikuweza kuandika uongo, niliandika kwamba Baba Ngazi aliteleza kwenye ngazi. Nikatia saini. Walioishi jengoni wakasaini chini yangu, haraka.

Mkeo Nirmala alinipigia simu kutoka Thika mwili ulipofika. "Alianguka vipi, Mwalimu? Yule alikuwa na miguu ya mbuzi." Nikamwambia maji yalikuwa yamemwagika. Akasema, "Ah. Maji." Kanti, nimekuchukia kwa ajili ya "Ah" ile. Nakwambia wazi, maana wafu husifiwa mno. Ulikuwa na haki ya kumsamehe aliyekupiga. Nani alikupa haki ya kuniziba mdomo mimi? Wema wako uliniacha na uongo wa kubeba, na chuki isiyokuwa na pa kwenda, na mtu yule yuko hai anakunywa chai. Bomba nililiokota. Nililiosha, nikaliweka nyuma ya kiti cha lori.

Mwezi wa nane kafili, mdhamini wangu wa kazi, akanipa likizo. Binti yangu alitaka nirudi nyumbani, nikamwambia nina deni la ngazi. Nikaenda Palitana, na viatu vyako vya turubai kwenye begi, vinanibana. Nilifika mvua ikinyesha. Nilivua mshipi wa ngozi nikauacha kwenye chumba cha wageni, nikatembea hadi chini ya mlima tumbo tupu, nikakuta watu wanainamisha vichwa pale pale chini, wanaweka maua, wanageuka, wanarudi mjini. Mlima ulikuwa umefungwa.

Nilibishana. Ndiyo, pale pale. Mzee mmoja mlinda lango alinisikiliza kwa Kiingereza chake kidogo nikimweleza kwamba nimetoka Saudia, kwamba kuna maiti nyuma ya safari yangu. Hakukasirika. Alinishika kiwiko akanisogeza hadi ngazi za mwanzo, akainama, akanionyesha. Jiwe lilikuwa linatembea. Sisimizi, viwavi, vidudu vya mvua visivyo na jina, ngazi nzima ilikuwa hai. "Four months," akasema. "Their turn." Zamu yao.

Nilicheka, Kanti, kicheko kibaya. Mlima mtakatifu kuliko yote mliyo nayo mnaufunga miezi minne ili mguu usimkanyage sisimizi, na Bani Malik kichwa chako kilipasuliwa kwa bomba na hakuna aliyefunga hata duka. Nilisimama kwenye mvua nikautukana mlima huo kwa Kiswahili safi. Juu kule mawingu yalifunguka kidogo, mahekalu yakaonekana, meupe, madogo, kama meno. Yakafunikwa tena.

Halafu nikakumbuka kwamba ulikuwa umeniambia. Uliniambia zaidi ya mara moja, kwamba miezi ya mvua mlima hupumzika. Nilikuwa nimekaa mbele yako nikitikisa kichwa, na sikusikia, kwa sababu nilikuwa natayarisha jibu.

Nilirudi Jeddah na hasira mara mbili. Ikapita ile siku yenu, mwishoni mwa mvua za kwenu, ambayo kila mwaka ulipita chumba kwa chumba, kuanzia ghorofa ya chini, ukiwaambia watu kwamba ikiwa uliwaumiza kwa kujua au kwa kutojua wakusamehe. Ulimwambia Zakayo pia, kila mwaka. Mimi nilikuwa nikikujibu, "Mtu asiyeua mende amenikosea nini? Toka hapa." Mwaka huu hakuna aliyebisha hodi. Nilikaa na mlango wazi kama mjinga.

Wiki iliyofuata nilipeleka marumaru Riyadh, na nilijua Zakayo yuko wapi. Alikuwa amehamia Al-Shumaisi, analinda jengo la stoo. Nilishusha mzigo, nikaegesha lori mtaa wa pili wakati wa sala ya adhuhuri, maduka yamefungwa, hakuna mtu nje, joto linapiga lami. Nikachukua bomba.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi, uso kwa mlango. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakuinuka. Alisema, "Umechelewa, Mwalimu."

Nilimpiga. Sitakuficha na sitapamba. Nilimpiga kwa nguvu zote nilizozihifadhi tangu siku ile ya hospitali, nikilenga kichwa, akainua mkono, na mfupa ulitoa sauti ya ubao wa marumaru unaopasuka mahali ambapo hukukusudia. Akapiga magoti. Nikaliinua tena. Ungependa nikwambie kwamba nilikukumbuka, au kwamba nilimkumbuka yule mzee na sisimizi wake. Sikukumbuka kitu. Nilitaka kuona kichwa kikifunguka. Kilichonichelewesha ni mdomo wangu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemtungia hotuba. Barabarani, kilomita kwa kilomita katikati ya jangwa, nilikuwa nimeipanga, kila neno na mahali pake, na sikuweza kumwua bila kuisema. Nikaanza. Nikamwita kwa jina lile nililoliandika kwenye friji.

Akanitazama, mkono umening'inia, jasho linamdondoka puani. Akasema, "Mwalimu, tafadhali. Piga tu. Usiseme."

Kanti, kaa na maneno hayo kama nilivyokaa nayo. Bomba lilikuwa juu ya kichwa chake. Hakuomba nilishushe.

 Watu walianza kutoka msikitini, nikasikia milango ya maduka ikiinuliwa. Niliweka bomba chini. Nikavua skafu yangu nikamfunga mkono, vibaya, naye akanielekeza: "Juu kidogo. Hapo." Nikampandisha kwenye lori. Njiani aliniambia pa kukata kona.

Hospitali, daktari alimtazama mkono, akanitazama mimi, skafu yangu, shati langu lililolowa. Akauliza nini kimetokea. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa tayari kusema jambo ambalo lingenidhuru mimi peke yangu. Zakayo akaniwahi. Kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, macho sakafuni, akamwambia daktari kwamba ameanguka kwenye ngazi.

Daktari akaandika. Halas, yamekwisha.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, maana hakukuwa na mahali pengine pa kukaa, na nikakulilia. Zakayo alitoka na plasta akakaa ngazi mbili chini yangu. Hatukupatana. Usidhani tulikumbatiana. Alisema tu, "Nilikuwa nimempa wiki mbili." Nikasema najua. Akasema, "Zilikuwa zimebaki siku nne ulipobandika ile karatasi."  Nikamrudisha stoo yake.

Bado nakupinga, Kanti. Bado naamini kwamba dunia ina watu wanaohitaji kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na nitawaandika, wenye nguvu, wanaoshika ikama za watu, vibali vyao vya ukaaji, na kuwafungia wanawake majumbani. Bado sijakusamehe kabisa kwa kuniziba mdomo. Na Zakayo sijamsamehe. Nikimwona naona ngazi tatu zenye damu. Lakini ahadi yako nimeivunja nusu, na nusu iliyobaki nitaishika kwa meno.

Nimemwomba kafili likizo ijayo iwe ya miezi mikavu. Nitapitia Thika kwanza. Ulinikataza kumpeleka mtu. Hukunikataza kumwambia mkeo. Nitakaa mbele ya Nirmala na nitamweleza yote, na sitaanzia kwenye bomba la Zakayo, nitaanzia kwenye friji ya jikoni, kwa mwandiko wangu. Akinifukuza, nitaondoka bila kubishana. Kisha nitakwenda Palitana, na viatu vyako begani kwa kuwa vinanibana, miguu mitupu, bila mshipi, bila kula, bila machela hata magoti yakigoma. Nitapanda ngazi zote mpaka kwenye mji ule usiolaza mtu. Nitatazama kwa niaba yako, kimya. Na nitashuka kabla ya giza, kama watu wote.

Na sasa lile ulilonijia nalo mlangoni kila mwaka nami nikakufukuza. Ikiwa nilikuumiza, kwa fikra, kwa neno au kwa mwili, na wote wawili tunajua ni kwa neno, nisamehe. Zakayo nimemwandikia hivyo hivyo, sentensi moja, kwenye simu. Hajajibu. Sijamwandikia ya pili.

Kwaheri, rafiki yangu. Maliza dengu yako, jua bado lipo.

Mwalimu